Kesi ya Ng'ombe na Noti

Mwalimu wetu wa komersi, somo la biashara, hakupenda kuandikisha. Walimu wengine pale shuleni waliingia na madaftari yao yaliyochakaa pembeni, wakasoma tangu kengele hadi kengele, na sisi tukaandika mpaka vidole vikafa ganzi. Yeye aliingia mikono mitupu, abakosti yake, suti isiyo na tai, imepigwa pasi vizuri, akasema, "Haya situayen, ondosheni madawati." Ilikuwa miaka ile ya Zaïre, hakukuwa na bwana wala bibi, sote tulikuwa situayen, raia, hata sisi wa mwaka wa tano tusiokuwa na soksi. Tukiambiwa tuondoe madawati tulijua leo kuna soko.

Darasa lake liligeuka soko, siku nyingine benki, siku nyingine duane, forodha ya mpaka wa Ruzizi, ambapo wavulana wawili wenye sauti nene walisimama mlangoni na kutudai ushuru wa kalamu zetu wenyewe. Noti tulizikata kutoka mifuko ya simenti na kuzipiga muhuri kwa kiazi kilichochongwa. Maharagwe yalikuwa mchanga ndani ya makopo. Nakumbuka wauzaji wawili walivyokonyezana, wakaficha makopo yao chini ya dawati, na bei ikapanda mbele ya macho yetu mpaka msichana mmoja akaanza kulia, amesahau kwamba ule ni mchanga. "Mumeona?" mwalimu akasema. "Hakuna mutu ametangaza bei. Imepanda yenyewe." Mimi nilishtuka kweli. Miaka yote nilikuwa nadhani bei inapandishwa na wenye maduka ya mjini kwa roho mbaya tu.

Nilimpenda mwalimu yule. Ninalisema mapema kwa sababu mbele nitamkasirikia, na sitaki mtu aseme nilikuwa na kinyongo naye tangu mwanzo. Alikuwa kijana, hajaoa, na alitufundisha kama vile mambo ya dunia yanatuhusu na sisi pia, watoto wa vilimani.

Kwetu ni Nyangezi. Papa alikuwa mkulima, hakuingia shule hata siku moja, na mali yake yote yenye maana ilikuwa ng'ombe mmoja mwekundu, sikio la kushoto limepasuka, kazi ya mbwa wa jirani wakati angali ndama. Ng'ombe yule alizaa vizuri. Ndama akikua papa anamuuza, na pesa ile inakwenda moja kwa moja kulipa minervali yangu, ada ya shule, kabla hata haijapoa mkononi. Watu wa mlima wakimuuliza mtoto wako anasomaje huko Bukavu, yeye alijibu, "Mumuulize ng'ombe." Mimi nilikaa kwa shangazi yangu mtaa wa Kadutu, nikirudi nyumbani likizo, na kila nikirudi nilikwenda kwanza zizini kusalimia, halafu ndipo nikaingia nyumbani. Mama alikuwa ananitania kwamba nimezaliwa na ng'ombe.

Sasa ile kesi. Mwisho wa trimesta ya kwanza shule iliwaita wazazi waje kuona watoto wanafanya nini. Madarasa mengine yaliimba. Mwalimu wetu akasema sisi tutafanya kesi: ng'ombe na noti, nani kati yao ni pesa bora. Yeye mwenyewe atakuwa hakimu, amevaa kanzu nyeusi ya kwaya. Mvulana mmoja, mtoto wa mfanyabiashara wa Nyawera, akapewa kuwa avoka, wakili wa noti. Mimi nikapewa ng'ombe. Sijui kama alinichagua kwa sababu ya kelele zangu au kwa sababu ya kwetu, lakini nilifurahi sana, na wiki nzima nilimsumbua shangazi jikoni nikimhutubia pamoja na sufuria zake.

Papa alikuja. Alitembea kutoka Nyangezi tangu kulipokuwa bado na umande, akakaa benchi la nyuma kabisa, kofia juu ya magoti. 

Yule mvulana alianza. Akasema noti haili majani, haipigi chafya, haipotei kwenye shamba la mtu ikakuletea ugomvi. Akasema mtu akitaka kununua sindano, atamkata ng'ombe mkia ampelekee muuzaji? Wazazi wakacheka. Mimi nikasimama na kibuyu cha maziwa nilichokuwa nimekificha chini ya dawati, nikakiweka mbele ya hakimu kama kielelezo. Nikasema noti haijawahi kuzaa noti. Nikasema mwaka wa njaa hakuna mtu anakunywa noti. Nikasema mengi, na nilisema vizuri, nawaambia ukweli, wazazi wa kike walikuwa wakinipigia makofi.

Halafu hakimu akatoa hukumu. Alieleza kazi za pesa moja baada ya nyingine, kupima bei, kubadilishana, kuweka akiba, na katika kila kazi ng'ombe akaanguka. Mwishoni akanyanyua noti ya kweli, kubwa, akaionyesha darasa zima. "Nyuma ya noti hii kuna serikali nzima," akasema. "Nyuma ya ng'ombe kuna mukia." Chumba kililipuka kwa kicheko. Nilimwangalia papa. Alikuwa anacheka na yeye, anajipangusa macho.

Niliumia kidogo kwa kushindwa, lakini ilikuwa mchezo, nikajikung'uta nikasahau. Papa hakusahau. Alimngoja mwalimu nje, kofia mkononi, na mimi nilikuwa kando yake nikisikia kila neno.

"Mwalimu," papa akasema, "ungelikuwa mimi, ungefanya nini?"

"Papa, mimi sitaweza kulala na mali yenye inakohoa," mwalimu akajibu, bado ana furaha ya kushangiliwa. "Ng'ombe anaweza kulala muzima na kuamka amekufa. Noti hailale ikaamuka imekufa."

"Aksanti, mwalimu," papa akasema, na akainama kidogo, namna anavyomwinamia padri.

Likizo ya Noeli nilipofika nyumbani nilikwenda zizini kwanza, kama kawaida yangu. Lilikuwa limefagiliwa. Kamba imening'inizwa kwenye mti, imekunjwa vizuri. Nilisimama pale na mzigo kichwani, sielewi. Nilifikiri amekufa. Nilikimbia ndani, mama akaniangalia na kuendelea kumenya ndizi. "Muulize papa yako," akasema.

Papa alikuwa na uso wa mtu mwenye habari njema. Alikuwa amemuuza ng'ombe kwenye soko la Mugogo, kwa mchuuzi mmoja asiyemfahamu, kwa bei nzuri, na aliomba alipwe kwa noti kubwa tupu. Alizileta ndani ya kile kibuyu cha maziwa, maana sasa hakikuwa na kazi nyingine. Akakitikisa nisikie. Noti hazina sauti, lakini yeye alitikisa.

"Minervali yako yote mpaka diploma iko humu," akasema. "Haikohoe."

Nilikasirika sana. Mimi ndiye niliyemtetea ng'ombe mbele ya watu wote, nikashindwa mbele ya watu wote, na sasa mtu wa pekee aliyechukua hukumu ile kwa uzito alikuwa baba yangu mwenyewe. Nilitaka kumwambia papa, ile ilikuwa kucheza. Lakini unawezaje kumwambia mzee ambaye ametembea mlima mzima kwenda kukusikiliza?  Nikajiambia, labda mwalimu ana haki, yeye amesoma.

Noeli ikapita. Pombe ya kasiksi ilikuwa bado haijaisha kwenye mitungi ya watu wakati jirani mwenye redio alipokuja mbio, kaptula na shati lisilofungwa. Alisimama mlangoni, hakusalimia. Akasema noti kubwa zimekufa. Wametangaza Kinshasa. Noti zile hazinunui tena kitu, kila mtu azipeleke benki, muda ni mfupi, na kila mtu atabadilishiwa kiasi kidogo tu.

Papa alimwangalia kama mtu anayesikia lugha ya kigeni. "Zimekufa namna gani?" akauliza. "Feza inakufaka?"

 Mama aliacha kumenya ndizi.  Noti hailali ikaamka imekufa: nilikuwa nimeyasikia maneno yale kwa masikio yangu, mbele ya mlango wa darasa, hata mwezi ulikuwa haujaisha.

Tulikwenda Bukavu siku ileile, papa na mimi, kibuyu ndani ya kikapu, juu yake majani ya ndizi. Sitaki kueleza sana ule mstari wa benki. Ulianzia mlangoni, ukateremka avenyu, ukakunja kona. Wanajeshi walipita na mikanda mkononi. Magari ya wakubwa yaliingia kwa mlango wa nyuma na kutoka, tukayaona kwa macho yetu. Tulilala kwa shangazi, tukarudi, tukalala, tukarudi. Siku ya mwisho papa alifika karibu hata akaona uso wa karani, na karani akafunga dirisha. Hakulifunga kwa ukali. Alilifunga kama mtu anayefunga dirisha la nyumba yake mvua ikianza.

Njiani kurudi tulikuta watoto wanacheza na noti zilezile, wanazikunja kuwa ndege na kuzirusha kwenye mtaro. Papa alisimama akawaangalia. Nilingoja alie, nilingoja atukane, nilikuwa tayari kutukana pamoja naye. Akasema tu, "Masikini, ule mwalimu. Yeye naye watakuwa wamemumaliza. Kijana muzuri, alikuwa anaamini."

Neno lile lilimbeba papa miezi ile yote. Kila aliyemcheka pale mlimani, na walimcheka, alimjibu kwamba hata mtu mwenye diploma alipoteza. Ilimpa heshima fulani, kuanguka pamoja na msomi.

Shule ilipofunguliwa mwanafunzi mmoja mkorofi alinyoosha mkono. "Mwalimu, mushindi wa kesi amekufa. Tufanye nini?" Darasa likacheka. Mwalimu naye akatabasamu, akasema kesi imefungwa, leo tunaingia katika somo la bima. Nikamwonea huruma. Nilidhani anaficha maumivu yake nyuma ya abakosti ile. Prefe, mkuu wa shule, alikuwa ameniita ofisini na kuniambia bila ubaya kwamba nitasoma mpaka Pasaka, baada ya Pasaka asiyelipa minervali anabaki kwao. Nilikaa darasani nikihesabu wiki zilizobaki, nikimwangalia mwalimu na kufikiri kwamba tunazama wote wawili.

Kabla ya Pasaka mwalimu akatuambia anaoa. Alitualika wanafunzi wake twende kuimba siku ya kupeleka mahari, na alipotaja mahali nikaruka: ni mlima unaotazamana na wetu, ng'ambo ya kijito. Baba wa bibi harusi ni mzee tunayemjua wote, jirani wa papa, mtu wa maneno machache ambaye anaitambua mali ile tu inayokula majani.

Kwa wasioijua desturi ya kwetu niieleze. Binti haondoki kwa noti. Noti unaweza kuongeza kwa ajili ya pombe na vitenge, lakini mahari yenyewe inasimama uani kwa miguu minne, kila mtu aione. Na kabla ng'ombe hajaingia zizi la mkwe, mzee wa nyumba huuliza kwa sauti kama kuna mtu mwenye neno juu yake. Ng'ombe mwenye maneno haingii. Akiingia na maneno yake, watu wanaamini ndoa yenyewe itabeba maneno hayo. Kwa hiyo wanauliza, na wanangoja, na ukimya ule unaogopesha kidogo hata kama huna chochote cha kusema.

Tulifika kwa lori, tumevaa sare, tukaimba. Uwanja ulijaa. Papa alikuwa upande wa wazee wa mlima, amekaa kwenye kigoda, kikombe cha kasiksi mbele yake hajakigusa. Nilimpungia mkono, hakuniona. Alikuwa anaangalia chini, kati ya viatu vyake, kama mtu aliyeangusha kitu.

Ndipo wachungaji wa upande wa mwalimu wakawaingiza ng'ombe.

Wa kwanza alikuwa mweusi. Wa pili alikuwa na mabaka. Yule aliyefuata alikuwa mwekundu, sikio la kushoto limepasuka.

Wimbo ulinikatika mdomoni. Wenzangu waliendelea kuimba na mimi nilisimama kati yao mdomo wazi. Kwanza nilifurahi, ni hilo la ajabu, nilifurahi kama mtu anayeona ndugu yake akishuka kwenye basi. Halafu nikaelewa nimemwona wapi, anapelekwa na nani, kwa kazi gani. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya ng'ombe wake na abakosti mpya, anatabasamu. Na papa alikuwa bado anaangalia viatu vyake, na hapo nikajua alikuwa amemwona kabla yangu.

"Nani iko na neno juu ya hawa ng'ombe?" mzee akauliza.

 Nilitoka kwenye mstari wa waimbaji. Hakuna aliyenituma, miguu ilikwenda yenyewe. Nikaita, namna nilivyokuwa nikimwita zizini, kwa ulimi dhidi ya meno. Ng'ombe akainua kichwa, akawaacha wachungaji wakivuta kamba, akaja akaniwekea pua kwenye kifua, juu ya sare ya shule.

Uwanja mzima uliona. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akishusha pumzi.

"Mutoto," mzee akasema taratibu, "unamujua huyu?"

"Ni wa kwetu," nikasema.

Manung'uniko yakaanza. Msemaji wa upande wa mwalimu alisimama haraka, akasema ng'ombe amenunuliwa kwa halali, kwa mchuuzi aliyepewa pesa mapema akamtafute, kabla ya Noeli, mashahidi wapo. Mwalimu alikuwa ananiangalia, kisha akamwangalia papa, na uso wake ukabadilika. Naamini hakujua. Alinunua ng'ombe mwenye sikio lililopasuka, hakujua alitoka kwa nani. Mzee akageuza kigoda chake.

"Jirani," akamwambia papa, "uliibiwa?"

Nilimwomba papa kwa macho aseme ndiyo. Naandika hivi bila haya. Neno moja tu, na ng'ombe haingii, na mwalimu atapaswa kuja kuzungumza nasi, na labda mimi nitabaki shuleni. Papa alisimama, akavaa kofia, akaivua tena.

"Hapana," akasema. "Niliuza mimi mwenyewe. Nililipwa yote."

"Na ile feza?"

"Iko mu kibuyu."

Watu wakaanza kucheka, halafu wakaelewa, kicheko kikafa. Hakukuwa na nyumba kwenye milima ile isiyokuwa na kibuyu chake mwaka ule.

Papa akamgeukia mwalimu. Hakuwa na hasira, ni hicho kilichoniumiza. "Mwalimu, nikuulize kitu kimoja. Ile siku ya kesi, walikuwa wamekwisha kukuambia hapa ya kama wanatakaka ng'ombe?"

Mwalimu akaitika kwa kichwa. "Walikuwa wamekwisha, papa. Nilikuwa natafuta tangu saizo ya jua, mbele ya mvua."

"Na bado ulisema noti njo muzuri."

"Papa," mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya darasani, "ile ilikuwa somo tu."

Nimeishi sana tangu siku ile. Nimeshtushwa na vitu vikubwa zaidi, hata vita. Lakini sijui kama kuna neno lililowahi kunipiga kama lile. Ilikuwa somo tu. Kwa hiyo noti zake kubwa hazikufia benki wala kwenye kibuyu chake. Alizitoa mapema, zikapita kwa mchuuzi, zikaja kufia kwetu, na yeye akabaki na ng'ombe. Hakufanya hila. Alifanya tu kile ambacho kila mtu wa kwetu angefanya, na alitufundisha kingine.

Papa alitikisa kichwa polepole. "Sisi batu hatukusoma," akasema, "tulifikiri somo njo kweli."

Akakaa. Mzee akangoja kidogo, kisha akasema ng'ombe hana maneno, ameuzwa na amelipwa, aingie. Wachungaji wakaja kuchukua kamba. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye tumbo la ng'ombe, na lilikuwa gumu na pana kuliko nilivyolijua, na ndani yake kitu kikasogea.

Sijui kama ilikuwa akili au hasira. Nadhani hasira. "Mzee," nikasema, "niko na neno juu ya tumbo."

Msemaji akataka kuniondoa. Mzee akainua fimbo, niachwe. Na mimi nikaanza, nikiwa na sare yenye kamasi ya ng'ombe kifuani, kumtetea yule mteja wangu kwa mara ya pili. Nikasema papa alilipwa ng'ombe mmoja. Nikasema waulizwe wachungaji tumbo hili lina umri gani. Wakampapasa, wakasemezana, wakasema mimba ni kubwa, ilianza kabla hajaenda sokoni. Mzee akamuuliza papa kama alijua siku ya kuuza. Papa, ambaye hakuweza kusema uongo hata kwa faida yangu, akasema hakujua. Mchuuzi je, alitaja tumbo? Hakutaja. Nikasema basi mwenye kulipia ng'ombe mmoja apate mmoja. Huko darasani nilisema noti hazizai nikashindwa, nikasema, na huyu hapa amezaa mbele yenu kabla ya kuzaa.

Mzee alimwangalia mwalimu. "Wewe njo umesoma," akasema. "Sema kama mutoto anakosea."

Aliweza kusema ninakosea. Sokoni anayenunua ng'ombe ananunua na tumbo lake, kila mchuuzi atakuambia, na mwalimu wa komersi alilijua hilo kunishinda. Aliwatazama wakwe zake, kisha tumbo la ng'ombe.

"Hakosee," akasema.

Ng'ombe akaingia zizini kwa mzee. Tumbo likabaki letu.

Pasaka nilirudishwa nyumbani kama prefe alivyosema. Nilikosa mwaka mzima. Nililima, nilibeba maji, niliona wenzangu wakipanda darasa. Ndama alizaliwa ng'ambo ya kijito, akakaa na mamaye mpaka alipoacha kunyonya, kisha akavuka kuja kwetu: mtamba mwekundu, masikio yote mawili mazima. Alipokua nikamwambia papa tumpeleke Mugogo. Akakataa. Kulikuwa na noti mpya wakati huo, za rangi nzuri, na papa alisema hataki kumgeuza ng'ombe kuwa noti tena, hata kwa muda wa kutoka sokoni mpaka shuleni.

Kwa hiyo shule ilipofunguliwa alimfunga kamba, tukamtembeza mpaka Bukavu. Shule ilikuwa na shamba la kuwalisha wanafunzi wa bweni. Prefe alipoona mzee na mtamba mbele ya ofisi alicheka, kisha akamzunguka mtamba, akamtazama meno, akaacha kucheka. Akaniambia niende nikakae darasani wakati wanazungumza.

Mwaka wa tano walikuwa wapya, sikumjua hata mmoja. Madawati yalikuwa yamepangwa kama mahakama. Nilikaa benchi la nyuma, pale papa alipokaa. Mwalimu aliniona, akapoteza neno alilokuwa analisema, akalipata. Alikuwa amevaa kanzu ya kwaya. Avoka walikuwa wamemaliza, na yeye alikuwa na noti mpya mkononi, anaigeuza darasa lote lione.

"Nyuma ya noti hii," akasema, "kuna..."

Mtamba akalia chini ya dirisha. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akageuka, na nje papa alikuwa amesimama na kamba mkononi, kofia ameivua. "Jambo, mwalimu," papa akasema kwa heshima yote.

Nilinyoosha mkono.  "Endelea, mwalimu," nikasema. "Nyuma ya noti kuna nini?"

Aliangalia noti. Aliniangalia mimi. Watoto wale wapya walikuwa wakingoja hukumu, kalamu zimeinuliwa, tayari kuandika chochote atakachosema.  Mlango ukafunguliwa, prefe akaingiza kichwa.

"Mwandike huyu," akamwambia mwalimu, akinionyesha. "Amelipa yote, mpaka diploma."

Mwalimu aliiweka noti mfukoni, akaenda mezani kuniandika. Kupitia dirishani niliona papa akimwonyesha mlinzi wa shule jinsi ya kumshika mtamba bila kumtisha.